Njia tunazo, tatizo ni dharau

Najua nimekuwa kimya wiki kama tatu hivi, mitihani ilinibana na bumu nalo likachelewa, basi ikawa ni kusoma na kufunga mkanda. Leo nimerudi na jambo linanikera, na nawaambia mapema sitaliandika kwa upole.

Jumapili hapa hosteli kulizuka ubishi. Jamaa mmoja alikuwa anatuonesha kwenye simu video ya wazungu wanaendesha baiskeli katikati ya mashamba ya mizabibu huko Ufaransa. Hakuna gari, hakuna honi, hakuna bodaboda wa kukukata mbele. Wanasimama, wanaonja mvinyo, wanapanda tena wanaondoka. Chumba kizima: "Aisee, wenzetu wanaishi!" Mmoja akaongeza eti kitu kama hicho Tanzania labda kwa wajukuu zetu. Nikawauliza, hivi nyie mnasoma mji gani? Si Dodoma hii hii yenye zabibu? Na baiskeli si zimejaa kila kijiji kinachotuzunguka? Wakacheka. Mmoja akanijibu, "Ile siyo utalii mgosi, ile ni shida."

Haya. Kwa hiyo mzungu akipita kati ya mizabibu kwa baiskeli, ni maisha. Mgogo akipita kati ya mizabibu kwa baiskeli, ni shida. Mizabibu ni mizabibu na magurudumu ni mawili kwa wote. Kilichobadilika ni rangi ya anayekanyaga pedeli. Wazee wetu waliita hii kasumba, na mimi sina neno zuri zaidi.

Tuanze na huko Ufaransa kwenyewe, ili tujue tunasifu nini. Njia moja maarufu inatoka mji wa Beaune kwenda Santenay, kilomita 20 na ushei, katikati ya mashamba ya mvinyo wa Burgundy. Unadhani ni barabara gani ya ajabu? Ni njia za shamba! Zile zile anazopita mkulima na trekta lake kwenda kupogoa mizabibu. Wameziwekea vibao, wamezitunza, wakaamua kwamba mtu wa baiskeli ana haki humo. Nyingine iko karibu na Bordeaux, imepewa jina la Roger Lapébie aliyeshinda Tour de France mwaka 1937. Hiyo zamani ilikuwa reli. Treni ilipoacha kupita, tuta la reli likageuzwa kuwa njia ya baiskeli ya kama kilomita 50, mpaka Sauveterre-de-Guyenne. Basi. Hakuna uchawi hapo. Njia ya shamba na tuta la reli, pamoja na watu walioona kwamba vina thamani.

Sasa njoo Dodoma. Zabibu hapa siyo habari ya jana. Wamisionari wa Bihawana ndio wanaotajwa kuwa waliianzisha, mwaka 1957. Leo ukienda Hombolo, Makutupora, Mpunguzi, Matumbulu, au kule Chamwino upande wa Chinangali, unakuta mizabibu kwa ekari na ekari. Makutupora kuna kituo cha utafiti wa zabibu, na kuna aina nyekundu inayobeba jina la Makutupora lenyewe. Na kuna hili ambalo wengi hapa chuoni hawalijui: Dodoma zabibu inavunwa mara mbili kwa mwaka. Beaune wanavuna mara moja. Kwa hiyo huyo tunayemsifu, kwenye hili ametuzidi video tu.

Na njia je? Wadau, mashamba yale yamezungukwa na vijia ambavyo gari halipiti hata likitaka. Vingine ni vya mikokoteni ya punda, vingine ni vya mbuzi na watoto wa shule, vingine vinavuka makorongo ya mchanga ambayo kiangazi ni makavu kabisa. Ondoka alfajiri kabla upepo wa Dodoma haujaamka, maana ukishaamka ule unakurudisha ulikotoka. Chukua upande wa Hombolo. Ukishaacha kelele za mjini unabaki wewe, mibuyu, na mlio wa cheni yako. Unapita mashamba yenye ua wa miiba, unasalimia, unajibiwa, unaulizwa unatoka wapi. Ukifika bwawani unakaa unanawa uso. Msimu wa mavuno unanunua zabibu shambani zikiwa bado na ubaridi wa asubuhi. Mtu mzima na akili zake anaiita hiyo shida?

Mimi nimetoka Kwamsisi, huko Handeni, mkoa wa Tanga. Najua baadhi yenu mnajua Kwamsisi kwa sababu yangu tu. Lakini aliyesoma historia ya elimu ya nchi hii anaweza kuwa amekutana na jina hilo. Miaka ya 1970 Kwamsisi ilikuwa kijiji cha ujamaa chenye shule ya jumuiya, mradi wa majaribio uliokwenda pamoja na Chuo cha Ualimu Korogwe. Wageni walikuja kuona jinsi shule na kijiji vinavyoweza kuwa kitu kimoja. Walikuja kujifunza kwetu! Leo mtoto wa nchi hiyo hiyo anaamini kuendesha baiskeli kwenye njia isiyo na magari ni utaalamu wa kuletewa.

Kwetu hakuna mizabibu. Kuna mahindi, mihogo na machungwa. Mwenye kutaka divai ya mkoani apande milima ya Usambara mpaka Soni, kwa Wabenediktini wa Sakharani, wao wanalima zabibu na kutengeneza ya kwao. Lakini vijia tunavyo kushinda hata Dodoma. Kwamsisi baiskeli ndo lori, ndo daladala, ndo gari la wagonjwa. Nimeona gunia la mahindi la debe sita limesimamishwa kwenye keria na mtu anasukuma kilimani bila kulia. Nimeona mama mjamzito amekaa nyuma, amefungwa kwa khanga na mumewe asidondoke, wanawahi zahanati usiku. Babu yangu alikuwa na Swala, zile baiskeli zilizotengenezwa hapa hapa Tanzania na NABICO. Alikuwa anaipaka mafuta kila Ijumaa kabla ya kwenda msikitini. Akiulizwa utajiri wake anaonesha Swala kwanza, ng'ombe baadaye.

Na watu hawa wanazijua njia. Muulize kijana yeyote wa Kwamsisi akupeleke kijiji cha jirani bila kukanyaga barabara ya magari, atakupeleka. Anajua wapi mchanga mzito, wapi kuna kivuli cha mwembe cha kupumzikia, wapi mvua ikinyesha usijaribu. Huko Ulaya elimu hiyo inachapishwa kwenye ramani na kuuzwa. Kwetu mwenye nayo anaitwa mshamba.

Sasa mtoe kijana huyo kwenye kijia, mpeleke barabara kuu ya Chalinze–Segera. Hapo ndipo utaona nchi inamfikiriaje. Mabasi ya Tanga, Moshi na Arusha yanakuja yamefuatana, malori nayo, na mwenye baiskeli amepewa upana wa kiganja pembeni ya lami. Nje ya lami kuna ngazi ya changarawe, ukishuka vibaya umelala. Honi ya basi pale haina maana ya "habari", maana yake ni "toka". Mjomba wangu alitoka. Alikuwa na machungwa nyuma, basi moja likamsogelea mpaka akaingia mtaroni, mguu ukavunjika, machungwa yakatawanyika barabarani na magari yakayaponda. Basi halikusimama hata kupunguza mwendo. Mwaka mzima hakulima. Na unajua watu walisema nini msibani... samahani, nyumbani, maana ilikuwa kama msiba? "Kwani yeye alifuata nini barabarani na baiskeli?"

Hiyo sentensi ndiyo inaniumiza kuliko hata ule mguu. Aliyepanda ngano ya makosa ni mwenye basi, anayevunishwa ni mwenye baiskeli. Shirika la Afya Duniani limekuwa likisema mara kwa mara kwamba zaidi ya nusu ya wanaokufa barabarani duniani ni waenda kwa miguu, waendesha baiskeli na wa pikipiki. Yaani watu wasio na bati la kuwakinga. Nasi badala ya kuuliza barabara imejengwaje, tunauliza marehemu alifuata nini.

Dharau hii haiko barabarani tu. Mwaka jana nilikwenda kwa baiskeli kwenye ofisi moja hapa mjini kufuatilia karatasi zangu. Mlinzi akanizuia getini. Magari yanaingia, anapiga saluti, mimi naambiwa niifunge nje kwenye mti kwa sababu "hapa siyo sokoni". Nikamuuliza nafasi ya gari moja si zinaenea baiskeli kumi? Akaniangalia kama nimemtukana. Na nikirudi hosteli wenzangu wananiita fundi maji. Tunasoma mazingira, tunaandika tasnifu kuhusu hewa ukaa, halafu kilomita mbili tu mtu anaita bodaboda na bumu lenyewe la kuazima! Umoja wa Mataifa mwaka 2018 ulitangaza tarehe 3 Juni kuwa Siku ya Baiskeli Duniani. Hapa siku hiyo itakukuta umesimama kituoni, unasubiri bajaji.

Na dada zetu ndo wanaumia zaidi. Kijijini binti wa sekondari anatembea saa moja na nusu, wakati mwingine mbili, njia ambayo kwa baiskeli ni nusu saa. Nyumbani baiskeli ipo, lakini ni ya baba, na binti kupanda baiskeli eti haipendezi. Akichelewa anachapwa. Akichoka akaacha shule, tunasema wazazi wa Handeni hawapendi elimu. Baiskeli moja ingekuwa hoja yenye nguvu kuliko semina kumi.

Nikifika hapa wapo wanaosema, "Tatizo lako unapinga maendeleo, watu wanataka lami." Sikilizeni vizuri basi. Sipingi lami. Kwamsisi tunaitaka barabara nzuri kuliko nyie mnaotuongelea, mgonjwa wetu anaijua thamani yake. Ninachopinga ni lami inayojengwa kana kwamba baiskeli hazipo. Chukua barabara ya mzunguko wa nje hapa Dodoma, kilomita 112.3, inayopita Nala, Veyula, Mtumba, Ihumwa na Matumbulu. Ni kazi kubwa, na malori yakitoka katikati ya mji sote tutapumua. Lakini Matumbulu ni nchi ya zabibu. Mkulima ambaye shamba lake liko ng'ambo na nyumba yake huku, na amebeba kreti mbili kwenye keria, anavukaje? Swali hilo ndo linatakiwa kuulizwa kwanza. Kwa kawaida yetu linaulizwa baada ya msiba wa pili au wa tatu, na jibu linakuwa ni matuta.

Na hata tunapokumbuka kumjengea mwenye baiskeli, hatumlindi. Dar es Salaam mradi wa mwendokasi ulioanza kazi mwaka 2016 ulikuja na njia za baiskeli kando ya Barabara ya Morogoro. Pitieni muone. Meza ya viatu, pikipiki, gari limeegeshwa, na mwenye baiskeli yuko barabarani na magari kama zamani. Majirani zetu wa Kigali mwaka huo huo wa 2016 walianza siku za kufunga barabara kadhaa kwa magari ili watu watembee, wakimbie na waendeshe baiskeli. Mwaka 2025 mji huo ukaandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, mara ya kwanza kufanyika Afrika. Kigali ni milima mitupu! Sisi tuna tambarare ya Dodoma tunalalamikia jua.

Kuna hatari nyingine inakuja kimya kimya, na hii ndiyo iliyonifanya niandike leo na siyo mwezi ujao. Tangu serikali ilipoamua mwaka 2016 kuhamia Dodoma kwa vitendo, ardhi ya pembezoni inapimwa na kuuzwa viwanja. Ni haki ya mtu kujenga. Lakini kijia hakina hati. Kijia hakina mwenyewe wa kwenda kulalamika. Wiki hii unapita, wiki ijayo kuna nguzo za mawe, mwezi ujao kuna ukuta na geti, na njia waliyopita watu miaka hamsini imeisha hivyo hivyo. Mwenye baiskeli anarudishwa kwenye lami akapambane na malori. Kule Handeni ni hivyo hivyo, mtu akinunua shamba kubwa kitu cha kwanza ni kuzungushia waya. Ufaransa ya watu tunayoitamani ilianza kwa kutunza njia za shamba. Sisi tunaanza kwa kuzifunga, halafu miaka ishirini ijayo tutaomba mkopo wa kuzijenga upya na tutaziita mradi.

Na ndugu zangu wa utalii, nanyi nina neno lenu. Nakubali kabisa watalii waje waendeshe baiskeli kwenye mizabibu ya Dodoma. Waje hata kesho. Mkulima wa zabibu ana tabu moja kubwa: zabibu ikiiva haisubiri. Viwanda vya kununua ni vichache, na mnunuzi akichelewa mzigo unaoza au unauzwa kwa bei ya kutupa. Wengine wanaamua kukamua wenyewe wauze mchuzi wa zabibu, angalau huo unasubiri kidogo. Mtu anayepita kwa baiskeli, akasimama, akanunua kilo mbili na glasi ya juisi, akala ugali na mlenda kwa mama fulani, huyo ni soko lililojileta mlangoni bila dalali. Mwenye gari la vioo vyeusi hasimami.

Ila isije ikawa tunafukuza baiskeli za mkaa ili kupisha baiskeli za kukodi. Isije ikawa kijia kinatengenezwa vizuri, kinawekewa kibao, halafu mtoto wa Mpunguzi anaambiwa hapa ni kwa wageni wenye tiketi. Mwenye kijia ni yule aliyekichonga kwa nyayo zake. Mgeni anakaribishwa kama mgeni, na mgeni mwema anapita pale wenyeji wanapopita. Njia inayomfaa binti wa sekondari na baba mwenye gunia itamfaa mtalii pia. Ila njia ya mtalii peke yake, huyo binti hata hataikanyaga.

Sasa tufanyeje? Maana mnanijua, mkinisoma mnasema nalalamika tu. Mambo matatu.

Kwanza, vijia viandikwe. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inatambua mamlaka ya kijiji juu ya ardhi yake, na vijiji vinapanga mipango ya matumizi ya ardhi ambayo inapita kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Ramani ile inaonesha malisho, mashamba, msitu. Ioneshe na njia za miguu na baiskeli, kwamba ni za wote na hazifungwi. Hilo halihitaji mfadhili, linahitaji watu kuhudhuria mkutano na kunyoosha mkono. Likizo hii nikifika Kwamsisi nitalisema mwenyewe kwa wazee.

Pili, TANROADS na TARURA, kila barabara mpya inayopita vijijini iwe na ukingo wa kweli wa baiskeli. Usiwe mstari mweupe wa mapambo. Na ukingo huo ulindwe, asigeuze mtu kuwa gereji.

Tatu ni sisi wasomi. Tuache kucheka. Ukimcheka mwenye baiskeli leo, kesho ndo wewe utakayekaa ofisini unachora barabara, na utachora kile ulichokiheshimu ukiwa chuoni. Mhandisi hazaliwi na dharau, anaipatia hapa hapa hosteli.

Wa vitendo twende. Jumamosi ya baada ya mitihani, saa kumi na moja na nusu alfajiri, naelekea Hombolo. Baiskeli za kukodi mjini zipo, za kuazima kwa mafundi zipo. Njoo na maji, kofia, pampu, viraka na solesheni, maana miiba ya migunga ya Dodoma haiangalii shahada. Dada zetu mnakaribishwa kuliko wote, na asiyejua kuendesha tutamshikia siti mpaka ajue.

Asiyekubaliana nami alete hoja, matusi yafuate baadaye.